Injini ya Mirla Sebuleni kwa Rubiela

Injini ya Mirla ilinoki mbele ya watu kumi na wanne, na mimi nilikuwa mmoja wao, tena nimekaa mbele kabisa, kiti cha heshima, nimepakatishwa kuku wawili wasio wangu. Sindano ya joto ilianza kupanda tangu darajani. Niliiona. Mwenye kuku aliiona. Hata wale wawili waliosimama nyuma juu ya bampa, ambao kazi yao ni kung'ang'ania na kusali, walichungulia wakaiona. Mlima wa Wajane una kona kumi na moja, na katika kona hizo hakuna aliyefungua mdomo. Kumwambia dereva wetu Arcesio kwamba sindano imefika mwisho kungekuwa kumwambia kwamba haioni, na sisi watu wa Alto del Cedro ni watu wenye adabu. Tuko tayari kufa kwa adabu, mradi tuzikwe vizuri.

Kwenye kona ya tisa ikagonga ngo, ngo, ngo, kisha ikanyamaza. Arcesio akavuta breki, akashuka, akafungua boneti, mvuke ukamvaa usoni.

"Mafuta ya siku hizi ni takataka tupu," akasema.

"Takataka kabisa, mzee," tukajibu kwa pamoja, tukashusha magunia na kuku tukaanza kupanda kwa miguu.

Arcesio Marulanda anakaa nyumba inayotazamana na yangu. Ana miaka sitini na tatu, na thelathini na minane kati ya hiyo ameimalizia nyuma ya usukani wa Mirla, gari la jipu aina ya Willys la mwaka hamsini na nne alilorithi kwa baba yake: jeusi, bampa la njano, milango hakuna. Asubuhi hupakia watu uwanjani mbele ya kanisa na kuwapandisha mashambani, jioni huwashusha wao na kahawa yao. Amebeba maharusi, majeneza, ndama, vitanda pamoja na magodoro yake, na cherehani yangu mara mbili. Watoto watatu wamezaliwa humo kabla ya kufika zahanati, na mmoja wakamwita Mirla, maskini ya Mungu. Sasa yuko darasa la nne na wenzake humpigia honi.

Macho ya Arcesio yote mawili yana mtoto wa jicho. Hii ni siri kubwa sana. Wanaoijua ni watu elfu moja na mia mbili tu wa kijiji hiki, pamoja na mbwa, ambao humpisha mapema. Mwaka juzi alisimama mbele ya nguzo ya taa pale duka la mikate, akavua kofia, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, padri." Nguzo haikuitika. Akaondoka analalamika kwamba mapadri wa siku hizi wana maringo. Daktari wa Armenia, mji wa jirani, alishamwambia Rubiela, mkewe, kwamba ni kazi ya asubuhi moja kwa kila jicho. Arcesio akasema aliyokwisha kuyaona yanamtosha. Anaendesha kwa kumbukumbu na kwa masikio, na lazima niseme haki yake, hajawahi kumwangusha mtu bondeni.

Sasa ieleweke kilichokuwa kinamkosesha usingizi. Tarehe kumi na sita mwezi wa saba ni siku ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, msimamizi wa madereva. Siku hiyo kila chenye magurudumu huvishwa maputo, honi hupigwa mpaka kuku wanagoma kutaga, na mbele ya msafara hupita Mama mwenyewe, sanamu ya mbao yenye kimo cha mtoto wa miaka kumi, amesimama juu ya Mirla. Baba yake Arcesio ndiye aliyeanza kumbeba. Mwaka wa tetemeko, nusu ya kanisa ikiwa chini, Mama alipita katikati ya vifusi juu ya Mirla. Hajapanda gari jingine hata mara moja. Arcesio hana cheo, hana shamba, hana mtoto aliyesomea uwakili. Ana hiyo siku moja kwa mwaka.

Mirla alinoki mwezi wa pili. Wiki haikuisha, Ubeimar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na pikapu mpya nyeupe inayojifunga milango yenyewe, akawa ameshamwona padri. Padri akatoa hukumu ya kipadri, isiyomkwaza yeyote: saa mbili asubuhi ya tarehe kumi na sita, Mirla akiwa ananguruma mlangoni pa kanisa, Mama atapanda Mirla kama kawaida. Asiponguruma, Mama atapanda pikapu.

Ubeimar alikuja mwenyewe kutoa pole. Ni kijana mwenye tabia njema, na hilo ndilo linaloudhi zaidi.

"Mzee wangu, usijitese. Kwangu Mama atakaa raha mustarehe. Kuna kiyoyozi."

"Mama ni wa mbao," Arcesio akamwambia. "Hatoki jasho. Wewe ndiye unayetoka jasho, naisikia harufu."

Mtu mwenye akili zake huipeleka injini gereji. Arcesio alisema hakuna fundi atakayetia mkono tumboni mwa Mirla yeye akiwa hai, na kwamba atamfungua na kumfunga upya mwenyewe, nyumbani, kama baba yake alivyofanya mara mbili. Banda la uani linavuja. Kwa hiyo wanaume sita waliifunga injini kamba, wakaitundika kwenye mwanzi, wakaipitisha mlango wa mbele kwa mabega na matusi, wakaitua sebuleni juu ya gogo la mti, mahali palipokuwa na sofa. Sofa likaletwa kwangu, likae siku tatu.

Rubiela alikuwa amesimama mlangoni na ufagio.

"Sebuleni kwangu, Arcesio?"

"Mama watoto, hii ni kazi ya wiki moja."

"Ya mwaka gani?"

Sofa lilikaa kwangu miezi mitano. Mimi ni fundi cherehani, chumba changu ni kimoja, na katika miezi hiyo mitano kila mteja aliyekuja kupimwa alijilaza sofani akaanza kunisimulia ndoa yake. Upande wa pili wa barabara mambo yalikuwa mazuri zaidi. Pistoni zililala kwenye kitanda cha zamani cha binti yao aliyeolewa mjini Pereira. Valvu ziliwekwa kwenye trei za mayai, kila moja na kiota chake. Bolti zilichemshwa kwenye sufuria ya maharage, na Rubiela akaapa kwamba sufuria ile hataipikia tena, akaapa hivyo mara nne, kwa sababu bolti zilichemshwa humo mara nne. Kila alasiri wanaume wa uwanjani walikuja kutoa ushauri. Walikuwa wanane, wakawa na maoni tisa, wakanywa kahawa ya Rubiela na kuondoka wamechoka, na hakuna hata mmoja aliyeshika spana.

Lakini nikubali kitu, ingawa kinaniuma. Yule mtu ana vidole. Alikuwa akifumba macho, maana kuyafumbua hakukumsaidia chochote, akapitisha ncha ya kidole ndani ya tundu la pistoni taratibu, kama mama anayetafuta jino jipya kwenye ufizi wa mtoto. Bloku ya injini, ule mwili wake mkubwa wa chuma, ilipelekwa Armenia kuchongwa, ikarudi inang'aa. Akaipapasa, akasema tundu la tatu limepotoka unywele mmoja, irudishwe. Fundi wa huko akacheka kwenye simu. Kisha akapima na kipimo chake, akaacha kucheka, akaichonga upya.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mpaka mwezi wa tano nilikuwa naicheka injini ile kama kila mtu. Kufikia mwezi wa sita ilikuwa wazi kwamba itawaka. Na ikiwaka, Arcesio hatambeba Mama tu. Tarehe kumi na saba atakuwa uwanjani, atasema "Pandeni, jamani," na sisi kwa adabu zetu tutapanda. Wanawake walikuja kwangu, wakalala kwenye sofa, wakauliza swali moja.

"Nohemi, itawaka?"

"Itawaka."

"Mungu wangu."

Halafu wakitoka walivuka barabara, wakachungulia dirishani kwa Arcesio wakasema, "Hongera mzee, kazi safi!"

Nilimwambia Rubiela, "Shoga, mwambie mumeo. Mke ndiye mwenye haki ya kusema."

"Mwambie wewe," akanijibu. "Si wewe ndiye mwenye mdomo? Padri ulimwambia kanzu yake fupi, mkuu wa shule ukamwambia mkewe anamtoroka. Vuka barabara hiyo hapo, useme."

Sikuvuka. Nina ulimi unaokata kijiji kizima, na siku ile ulilala mdomoni kama tambara.

Kabla ya sikukuu kuna novena, siku tisa za sala, kila siku nyumba moja. Mama huhamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, na watu huandika nia zao kwenye vikaratasi na kuviweka miguuni pake kwenye kisanduku cha mwenye nyumba. Havisomwi na mtu. Siku ya mwisho kila mwenye nyumba huvipeleka vyake kanisani vikachomwa, moshi upeleke habari. Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Rubiela. Kura ilipigwa tangu Pasaka, na kukataa zamu ni kujitafutia mkosi wa mwaka mzima.

"Nitamweka wapi Mama?" Rubiela aliniuliza, katikati ya sebule ambayo haikuwa na meza, kiti, wala mahali pa kukanyaga.

Tukaitazama bloku. Ilikuwa juu ya gogo lake, imara, bapa juu, imesafishwa kwa petroli mpaka inatakata. Pistoni zilikuwa zimesharudishwa ndani, lakini kichwa cha injini, kile kifuniko cha juu, kilikuwa bado hakijafungwa. Kimo cha bloku kilikuwa kimo cha altare kabisa. Rubiela akaleta kitambaa chake cha meza cheupe cha kufuma kwa sindano, kile cha harusi, tukaitandika injini, tukamsimamisha Mama juu yake, mishumaa huku, maua huku. Arcesio alitaka kupinga. Kisha akatafakari: Mama wa madereva, juu ya injini yake, siku saba kabla ya sikukuu. Akavua kofia. Nadhani alilia kidogo, lakini kwa macho yale ni vigumu kujua.

Sasa, kisanduku cha nia. Kilikuwa kimejaa bolti.

"Wekeni hapo hapo miguuni," Rubiela akawaambia watu.

Kitambaa cha kufuma kina matundu. Chini ya kitambaa bloku ina matundu pia: manne makubwa ya pistoni, na kuyazunguka vitundu vingine vingi, ambavyo baadaye nilielezwa ni njia za maji ya kupoza injini. Mwanamke wa kwanza akaweka kikaratasi juu. Wa pili, aliyekuwa na jambo zito, akaona ni bora kiingie ndani kidogo, kisionekane. Wa tatu akamwona wa pili. Sisi ni watu wa kuigana, na rozari ni ndefu. Ilipofika fumbo la nne kila mtu alikuwa anapiga magoti, anabusu vidole vya Mama, na kusukuma haja zake kwa kidole ndani ya Mirla.

Mimi pia. Nilikuwa nimeandika kwa penseli, kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo, na Rubiela akaazima penseli yangu ile ile aandike chake. Nilikikunja kikaratasi changu mara sita, nikatafuta kitundu, nikakisukuma mpaka kikazama. Sikujua kitundu kile ni cha nini. Tundu ni tundu.

Watu walipoondoka Rubiela alikusanya vikaratasi vilivyobaki juu ya kitambaa. Nilimwuliza kuhusu vile vilivyozama.

"Nitavitoa kesho," akasema.

Kesho yake alfajiri nilisikia spana. Arcesio alipitisha vidole kwenye matundu manne ya pistoni, akatoa vikaratasi viwili, akavibusu, akamkabidhi mkewe. Vitundu vya maji hakuvigusa, maana vilitoka Armenia vikiwa safi na hana macho ya kuchungulia. Akatandika gasketi, akashusha kichwa, akakaza bolti kwa mpangilio aliofundishwa na baba yake. Rubiela alikuwa amesimama pale pale na kikombe cha kahawa. Akamtazama mpaka bolti ya mwisho.

Tarehe kumi na tano, alasiri, injini ikiwa imerudishwa mahali pake, barabara yetu ilijaa watu kuliko Ijumaa Kuu. Wale wanaume wanane walikuwa mstari wa mbele, wakieleza jinsi walivyoitengeneza. Ubeimar alikuja na pikapu yake, ameiosha. Arcesio akamimina maji kwenye rejeta, akafanya ishara ya msalaba, akakanyaga stata. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ikashika, ikatoa moshi mweusi uliotia doa nguo tatu za wateja wangu zilizokuwa dirishani, kisha ikatulia. Niseme nini? Ilinguruma vizuri. Nililia, mjinga mimi, niliyekuwa nimeomba isiwake.

"Tunampeleka mlimani," Arcesio akatangaza. "Asipopanda Wajane leo, kesho hawezi kumbeba Mama."

Rubiela akapanda mbele kabla hajaambiwa. Mimi nikapanda nyuma yake, kwa sababu sikuweza kubaki. Ubeimar akatufuata na gari lake, polepole, kwa adabu.

Kwenye kona ya pili sindano ilianza kupanda. Niliiona kutoka nyuma, juu ya bega la Rubiela. Kona ya tatu ilikuwa nusu. Kona ya tano ilikuwa imepita nusu. Arcesio alikuwa anaimba. Nilifungua mdomo, nikaufunga, na namwomba Mungu anisamehe, maana nilikuwa nahesabu kona kimya kimya kama mara ile ya kwanza.

"Arcesio," Rubiela akasema. "Simama."

"Kuna nini?"

"Sindano imefika mwisho."

Wimbo ukakatika. Gari likaenda hatua kumi zaidi, kisha akazima injini. Maji yalikuwa yanachemka mle ndani kama sufuria ya maharage. Miaka miwili kijiji kizima kililikwepa neno hilo, na mkewe alikuwa amelisema kwa sauti ya kumwomba chumvi.

"Tangu lini?" Arcesio akauliza.

"Tangu kona ya pili."

"Na mwezi wa pili?"

Rubiela hakuwemo garini mwezi wa pili. Nilikuwemo mimi. Arcesio akageuza shingo nyuma, akangoja, na mimi nikatazama mashamba ya kahawa kwa makini sana.

Ubeimar alitoa kamba, akatuvuta hadi nyumbani. Njia nzima hakupiga honi hata moja.

Jua halijazama, Arcesio alikuwa ameshafungua kichwa cha injini pale pale barabarani. Alisema kwamba alikuwa anasikia maji yanapita kwa kukwama, kama pua yenye mafua. Akapinda waya, akauingiza kwenye kitundu cha maji, akavuta. Kikatoka kikaratasi. Akavuta tena, kikatoka kingine. Vingi vilikuwa uji wa buluu, wino wote umeyeyuka, na haja za wenyewe anazijua Mama peke yake. Lakini viwili vilivyoandikwa kwa penseli vilikuwa vizima kabisa. Akakikunjua kimoja taratibu, akaninyooshea.

"Nisomee, jirani. Miwani nimeiacha ndani."

Miwani hana. Hajawahi kuwa nayo. Nikakitazama kikaratasi, nikaona mwandiko wangu.

"Mtu anaomba mvua," nikasema.

Arcesio hakukiachia. Alikuwa bado ameshika pembe yake, anaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vile vile vilivyoona unywele mmoja ndani ya chuma.

"Mvua," akasema. "Hii ni karatasi ya kukatia nguo, Nohemi. Kijiji hiki kizima unayo wewe peke yako. Shida yako na mvua ni nini, una shamba?"

Rubiela akachukua kile cha pili, akakisoma yeye, bila kukiangalia, maana alikuwa anakijua.

"Mama, nina mume mmoja. Niachie huyu huyu, hata akikaa nyumbani amenuna mpaka siku ya kufa. Injini hii isiwake." Akakikunja. "Siku ile nilijua vimo ndani, Arcesio. Sikusahau kuvitoa."

"Lakini leo umesema simama. Ungenyamaza tu, ingenoki tena."

"Niliona mkono wako kwenye usukani, unapiga mdundo wa wimbo wako. Sikuweza kukunyamazia."

Nikasoma na changu, sasa kama kilivyo: "Mama Bikira, injini isiwake, kwa sababu Arcesio haoni, na sisi tunaopanda tunaona aibu kumwambia." Nilisoma kwa sauti ndogo, lakini barabara nzima ilisikia, na wale wanaume wanane kila mmoja alikuwa ameshaikumbuka kazi nyumbani kwake.

Arcesio alikaa kwenye bampa la njano. Alifuta vidole kwa tambara, kimoja kimoja, muda mrefu. Nilidhani atatutukana, na ningeshukuru sana kama angetutukana.

"Ubeimar yupo?"

"Nipo, mzee wangu."

"Unajua kukanyaga klachi mara mbili?"

"Gari langu halina klachi, mzee."

"Nilijua. Una mikono ya kuuza misumari. Saa kumi na moja alfajiri uwe hapa, nitakufundisha, na ukimkwaruza gia hata moja Mama akiwa juu yake nitakushusha mbele ya padri." Kisha akamgeukia mkewe. "Na huyo daktari wako wa Armenia anafanya kazi siku gani?"

"Jumanne."

"Anifanyie jicho moja. Nikiona anajua kazi, nitampa la pili."

Usiku ule Arcesio alizibua vitundu vyote, akafunga kichwa upya, na saa mbili kasorobo asubuhi Mirla alikuwa mlangoni pa kanisa, ananguruma, rejeta baridi, maputo hadi kwenye matairi. Mama akapandishwa. Pikapu nyeupe ilipangwa ya pili, haina dereva. Padri akalazimika kuiendesha, na alifurahia kiyoyozi kupita kiasi. Ubeimar alishika usukani wa Mirla jasho likimtiririka, na Arcesio kando yake, kofia mkononi, akimtukana kwa upole kila alipobadilisha gia.

Mimi nilikuwa njiani na wanawake wenzangu, najificha nyuma ya bendera.

"Nohemi!" Arcesio alipaza sauti. Sijui alijuaje kwamba nipo. Labda alisikia nilivyonyamaza. "Nohemi, njoo ukae hapa katikati."

Nikapanda. Kiti cha mbele cha Willys si cha watu watatu, na mmoja wao akiwa mimi ni dhambi. Msafara ukaanza, honi zikalia, tukashika njia ya juu.

"Sindano iko wapi?" akaniuliza.

"Chini ya nusu."

"Sema kwa sauti. Hata mimi nisikie na wa nyuma wasikie."

"Chini ya nusu!"

Tukapita duka la mikate, tukaipita ile nguzo ya taa. "Na sasa?" Chini ya nusu, mzee. "Na sasa?" Nusu. "Nusu kamili?" Nusu kamili. Wanawake wenzangu walikuwa wananicheka waziwazi. Alinifanya niiseme kila hatua mia, kijiji kizima kikisikia, Mlima wa Wajane wote, kona kumi na moja, kwenda na kurudi.